Mtumiaji ajue kitu kitakapotua kabla hajaachia kidole

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na mafundi wanaotengeneza programu za wavuti hapa Uganda, na pamoja nao wale wanaowalipa: wakuu wa shule, viongozi wa SACCO, wenye maduka ya jumla, wasimamizi wa zahanati. Jambo lenyewe ni kuburuta na kudondosha, yaani kushika kitu kwenye skrini kwa kidole au kipanya, kukivuta, kisha kukiachia mahali pengine. Mwalimu wa taaluma huburuta kipindi cha fizikia kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi. Karani wa duka la Kikuubo, jijini Kampala, huburuta kadi ya oda ya Mbale kutoka safu ya "Zimeingia" kwenda "Zinafungashwa". Mwanachama wa SACCO hudondosha picha ya kitambulisho kwenye fomu ya mkopo. Ni kazi ya sekunde mbili tatu, lakini ndani ya sekunde hizo mtu anahitaji kuambiwa mambo mengi, na programu nyingi hazimwambii lolote mpaka ameshaachia.

Dai letu ni hili: jitihada nyingi huishia kwenye kitu kinachobebwa, na mahali kinapokwenda pakasahauliwa. Kadi hupewa kivuli, huinamishwa kidogo, huongezwa ukubwa. Safu inayoipokea imekaa kimya kama ukuta. Mchezaji wa omweso, bao letu la Uganda, anaposambaza kete, macho yake hayako kiganjani, yako kwenye shimo ambamo kete ya mwisho itaangukia. Anayeburuta kitu kwenye skrini hufanya vivyo hivyo, na huko anakotazama ndiko ishara zinapotakiwa kuwepo.

Kabla kitu hakijashikwa kuna machache ya kusema. Kinachoburutika kionekane kuwa kinaburutika. Kwenye kompyuta, kishale kigeuke kiganja kilichofunguliwa kinapopita juu ya kishikio, na kiganja kifumbe mtu anaposhika. Kwenye simu hakuna kishale, kwa hiyo kishikio chenyewe, zile nukta sita zilizopangwa mbili mbili, kionekane wakati wote. Miongozo ya kimataifa ya wavuti kwa watu wenye ulemavu, WCAG 2.2 iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2023, inataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24 katika daraja lake la AA, ambalo ni la kati. Sisi tunashauri 44 kwa 44, kwa sababu kidole cha mtu mzima hufunika karibu sentimita nzima ya kioo.

Halafu kuna kizingiti. Programu isianze kuburuta mara tu kidole kinapogusa. Kwa kipanya, subiri kisogee pikseli 4 au 5. Bila hivyo kila mwenye mkono unaotetema atakuwa anahamisha kadi alipotaka kuifungua tu. Kwa kidole, kama mtu anashika kadi nzima na si kishikio, hitaji mguso wa kukaa, takriban milisekunde 300 hadi 500, ili programu itofautishe anayesogeza ukurasa na anayetaka kuinua kadi. Ukizidisha nusu sekunde, mtu hudhani kadi imefungwa na kuanza kuibonyezabonyeza. Wakati wa kusubiri nao usiwe wa giza: kadi ianze kuinuka polepole tangu kidole kinapokaa, ili anayeshika aone kwamba amesikika. Mtetemo mfupi wa simu husaidia, ila usiutegemee peke yake, kwa kuwa Safari ya iPhone haiupi ukurasa wa wavuti njia ya kawaida ya kutetemesha simu.

Kitu kikishainuliwa, mambo matatu yaonekane: kimetoka wapi, kiko wapi, na ni vingapi. Pale kilipotoka pabaki alama, kwa mfano nafasi yenye mstari wa pembeni na rangi iliyofifia, ili anayebadili nia ajue pa kukirudisha. Kinachobebwa kiwe na uwazi kidogo, asilimia 70 au 80 ya rangi yake, ili kisizibe kilicho chini yake. Kama zimechaguliwa kadi tano, usibebe kadi tano zilizotawanyika. Beba moja, uibandike namba 5 kwenye kona.

Hapa kuna kosa dogo linaloudhi sana. Mtu anashika kadi katikati, nayo inaruka ghafla na kona yake ya juu kushoto inakuja chini ya kishale. Sababu ni kwamba fundi amechukua mahali kishale kilipo na kupaweka kuwa mwanzo wa kadi, bila kutoa umbali uliokuwepo kati ya kishale na kona wakati wa kushika. Pima umbali huo mara moja mtu anaposhika, uutoe katika kila hesabu inayofuata, na kadi itatulia pale iliposhikwa. Kwenye simu kuna nyongeza: nakala inayobebwa iinuliwe juu ya kidole, maana vinginevyo mtu anaburuta kitu asichokiona.

Sasa tufike mahali pa kutua, ambapo ndipo penye kazi kubwa.

Mara kitu kinapoinuliwa, kabla hakijasogea popote, sehemu zote zinazoweza kukipokea zijitambulishe kwa hali ya upole: mstari wa pembeni ukolee, au usuli upate rangi nyepesi. Kile kinachobebwa kikiwa juu ya mojawapo, hiyo moja ikolee zaidi ya nyingine zote. Ni ngazi mbili tofauti, "hapa panawezekana" na "utaachia hapa", na programu nyingi zina ngazi ya pili tu. Mtu anaanza safari bila kujua inaweza kuishia wapi, anapitisha kadi juu ya kila safu akipapasa. Sehemu zisizoweza kupokea zififie, na mtu akisimama juu yake aambiwe sababu kwa sentensi moja: "Mwalimu huyu ana darasa la S3 Alhamisi saa nne." Alama ya duara lenye mkwaju peke yake humwambia mtu kwamba amekosea, haimwambii afanye nini.

Ili sababu hiyo ipatikane papo hapo, kanuni za migongano ziwe zimeshapakuliwa kwenye kivinjari kabla ya kuburuta kuanza. Usiulize seva wakati kidole kiko hewani. Jibu likichukua sekunde mbili kurudi, mtu ameshaachia.

Rangi isifanye kazi hii peke yake. Kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kwao safu iliyokubali na safu iliyokataa ni ndugu mapacha. Ongeza umbo: mstari mzima kwa panapokubali, alama ya kufuli kwa pasipokubali, na maneno. Miongozo ileile inataka alama zinazobeba maana zitofautiane na usuli kwa uwiano usiopungua 3 kwa 1. Ule mstari wa vidotidoti wa kijivu chepesi juu ya nyeupe, unaopendwa sana na wasanifu, mara nyingi hauufikii uwiano huo, na karani aliyesimama mlangoni mwa duka saa saba mchana hauoni kabisa. Jua la Kampala ni kipimo kikali kuliko kioo cha ofisini.

Kwenye orodha ambamo mpangilio una maana, haitoshi kusema "utaachia kwenye safu hii". Sema ni kati ya kipi na kipi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni mstari wa kuingilia, wa unene wa pikseli 2 au 3, unaotokea baina ya vitu viwili. Ya pili ni kufungua mwanya: vitu vya jirani vinasogea na kuacha nafasi yenye ukubwa wa kile kinachobebwa. Mwanya unaeleweka haraka zaidi, kwa sababu mtu anaona orodha itakavyokuwa. Lakini kwenye jedwali lenye mistari mia mbili mwanya huleta zogo, kila kitu kinapanda na kushuka. Huko tumia mstari. Kwenye kadi chache, fungua mwanya.

Mwanya una ugonjwa wake, nao ni mtetemeko. Kadi inasogea kupisha, inarudi, inasogea tena, mara kumi kwa sekunde, huku mkono wa mtu haujatikisika. Chanzo ni hesabu inayojila yenyewe: jirani anaposogea kupisha, chini ya kishale panakuja kitu kingine, programu inahesabu upya, inaona sasa mahali ni pengine, inamrudisha jirani, na kishale kinajikuta tena juu yake. Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, pima mahali pa kila kitu wakati wa kuinua, uhesabu kwa vipimo hivyo vya awali na si kwa mahali vitu vilipo vikiwa vinasogea. Ukurasa ukisogezwa, ongeza umbali uliosogezwa na kazi imekwisha. Pili, usibadili nafasi mpaka kitovu cha kadi inayobebwa kivuke nusu ya jirani, na kurudi kudai kuvuka tena pikseli kadhaa za ziada upande wa pili. Angalia tumesema kitovu cha kadi, si ncha ya kishale. Mtu aliyeishika kadi pembeni anaona kadi imefika, wakati kishale chake bado kiko mbali.

Kusogea kwa majirani kuchukue milisekunde 150 hadi 200. Chini ya hapo jicho halifuati kilichotokea. Juu ya 300 mtu anajikuta anaisubiri programu. Na waliochagua kwenye simu au kompyuta zao kupunguziwa miondoko waheshimiwe: CSS, lugha inayopanga mwonekano wa kurasa, ina prefers-reduced-motion kwa kazi hiyo, na kwao majirani wabadili nafasi bila kuteleza.

Kwa wanaotumia mfumo wa kuburuta uliomo ndani ya HTML yenyewe, lugha inayojengea kurasa za wavuti, kuna mitego inayojulikana. Mfumo huo ulianzia Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, kabla simu za kugusa hazijaenea, na tabia zake nyingi zinatokana na enzi hiyo. Mtego wa kwanza: sehemu ya kupokea isipozuia tabia ya kawaida ya kivinjari kwa amri ya preventDefault kwenye tukio la dragover, linalotokea kitu kikiwa juu yake, kudondosha hakutokei kamwe, na kishale huonyesha alama ya kukataza hata pale unapotaka kukubali. Mtego wa pili ni kumeremeta. Kishale kikipita kutoka kwenye safu kwenda kwenye kadi iliyo ndani ya safu ileile, kivinjari hutoa tukio la dragleave kana kwamba mtu ametoka, rangi inazimika, inawaka, inazimika. Wengine huhesabu kuingia na kutoka na kuzima rangi hesabu ikifika sifuri; wengine huangalia kama kile kishale kinakoingia bado kiko ndani ya safu. Njia zote mbili zinafanya kazi, mradi hesabu irudishwe sifuri wakati wa kudondosha, la sivyo safu itabaki inawaka baada ya kazi kwisha.

Kwa simu tunashauri kuuacha mfumo huo na kutumia matukio ya pointa, ambayo hushughulikia kidole, kalamu na kipanya kwa msimbo mmoja. Hapo sharti liko moja ambalo likisahauliwa kila kitu huharibika: kishikio kipewe kanuni ya CSS ya touch-action: none. Bila hiyo kivinjari kinadhani mtu anasogeza ukurasa, kinanyakua mguso, kinatuma pointercancel, yaani tukio la kukatiza mguso, na kadi inabaki inaning'inia katikati ya skrini kama nguo kwenye kamba. Lakini usiiweke kwenye kadi nzima, kwa sababu orodha iliyojaa kadi itakuwa haisogezeki tena. Na hata ukiiweka vizuri, pointercancel itakuja siku nyingine kwa sababu nyingine. Ikija, rudisha kadi ilipotoka na ufute ishara zote.

Ratiba ya shule ni pana kuliko skrini ya simu, kwa hiyo kuburuta kwenda Ijumaa kunahitaji ukurasa usogee wenyewe. Weka ukanda wa pikseli 40 hadi 60 kwenye kingo. Kitu kikikaa humo robo sekunde, anza kusogeza taratibu, na mwendo uongezeke kadiri kinavyokaribia ukingo. Kosa la kawaida ni mwendo mmoja mkali tangu mwanzo: Jumatano na Alhamisi zinapita kama basi lisilosimama kituoni. Kosa lingine ni kupima ukingo wa skrini wakati juu kuna kichwa cha ukurasa kilichogandishwa. Ukanda unakuwa umefichwa chini yake na haufikiki.

Tuseme kidogo kuhusu wepesi, kwa kuwa wateja wengi hapa wanatumia simu za bei ya chini. Skrini ya kawaida huchorwa mara 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ina milisekunde 16.7 tu. Kisogeze kinachobebwa kwa sifa ya CSS ya transform, si kwa kubadili left na top, kwa sababu hizo mbili hulazimisha kivinjari kupanga upya ukurasa kila fremu. Kivuli chenye ukungu mpana ni ghali kukichora. Kiweke mara moja, usikibadilibadili njiani. Ukilazimika kuchagua kati ya kivuli kizuri na kadi isiyobaki nyuma ya kidole, tupa kivuli.

Kuachia nako kuna ishara zake. Kadi isiruke kwenda mahali pake. Iteleze kwa milisekunde 200 hivi, kisha mahali ilipotua pawake kwa sekunde moja au mbili. Ikikataliwa, irudi ilipotoka kwa safari inayoonekana, na sababu iandikwe karibu na pale mtu alipoachia, si kwenye utepe wa juu asikotazama. Kitufe cha Escape kighairi safari yote. Baada ya kufaulu, weka "Tendua" kwa sekunde zisizopungua kumi. Vile visanduku vinavyouliza "Una uhakika?" baada ya kila kudondosha vimezoewa mpaka watu huvibonyeza bila kuvisoma, kutendua kunalinda zaidi.

Jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote katika hatua hii ni mtandao. Programu nyingi huonyesha kadi imehamia mara moja, halafu hupeleka habari kwa seva nyuma ya pazia. Ni utaratibu mzuri, ila mtandao ukikatika na programu ikanyamaza, karani anaona oda ya Gulu iko "Zimetoka" wakati kwenye seva bado iko "Zinafungashwa", na mwenzake aliye ghalani anaifungasha mara ya pili. Kadi ionyeshe hali yake: "Inahifadhiwa", kisha alama itoweke ikihifadhiwa. Ikishindikana baada ya kujaribu tena, iseme "Haijahifadhiwa. Jaribu tena", na ibaki na alama hiyo mpaka mtu aamue. Kuirudisha kimyakimya dakika moja baadaye, wakati mtu ameshatazama pengine, ni kosa baya zaidi.

Kwa faili kuna tofauti tatu. Mtu akikosea na kuachia picha nje ya kisanduku, kivinjari huweza kuifungua picha hiyo na kuuondoa ukurasa, na fomu aliyoijaza nusu saa inapotea. Kwa hiyo zuia dragover na drop kwenye dirisha zima, si kwenye kisanduku tu. Pili, faili ikiwa bado hewani, kivinjari hakikupi jina lake wala ukubwa wake, hukuonyesha aina yake tu. Usiahidi "faili inafaa" kabla haijaachiwa, andika mapema kinachokubalika, "JPG au PDF, isizidi MB 5", na baada ya kuachia kila faili iwe na mstari wake, kiasi kilichopakiwa, na kosa lake kwa jina: "Picha hii ni MB 8. Kikomo ni MB 5." Tatu, kwenye simu wengi hawana pa kuburuta faili kutoka. Kitufe cha "Chagua faili" ndicho mlango mkuu, kisifanywe maandishi madogo chini ya kisanduku kikubwa cha kuburutia.

Hilo linatufikisha kwa wale wasioweza kuburuta. Kifungu cha 2.5.7 cha WCAG 2.2 kinataka kila kinachofanyika kwa kuburuta kiwezekane pia kwa kugusa au kubofya tu, isipokuwa pale ambapo kuburuta ndiko kazi yenyewe. Weka menyu kwenye kila kadi: "Hamishia…", yenye majina ya safu, na kwenye orodha "Pandisha" na "Shusha". Mafundi wasidhani menyu hiyo ni kwa ajili ya wachache. Utafiti wa MacKenzie, Sellen na Buxton wa mwaka 1991 ulikuta kwamba kuburuta ni polepole kuliko kuelekeza na kubofya, na kuna makosa zaidi, kwa sababu mkono unabana na kusafiri kwa wakati mmoja. Mwenye mtoto mgongoni na simu mkono mmoja atashukuru kwa menyu kama atakavyoshukuru mwenye ugonjwa wa viungo.

Kwa kibodi, utaratibu uliozoeleka ni kitufe cha nafasi kuinua, vitufe vya mishale kusogeza, kitufe cha nafasi tena kuweka, Escape kughairi. Kwa asiyeona, ishara zote tulizozieleza ziwe na sauti yake kupitia eneo la aria-live, ambalo maandishi yake husomwa kwa sauti na programu ya kusoma skrini: "Kipindi kimeinuliwa. Kiko nafasi ya 3 kati ya 8." Bado tunaona msimbo mpya unaotumia aria-grabbed na aria-dropeffect, zote mbili zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati katika ARIA 1.1, kiwango cha wavuti kwa watu wenye ulemavu, cha mwaka 2017, msizitegemee.

Na hapa tunawaomba mafundi waache kuipachika lugha yetu kama kiraka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya taifa hili tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na programu zinazokiandika hukivunja kwa sababu ya kiufundi inayoepukika. Fundi huandika kiolezo kimoja, jina la kitu likifuatwa na "imehamishwa", na skrini inasema "Kipindi imehamishwa", "Mwanafunzi imehamishwa". Ngeli haziruhusu kiolezo kimoja. Andika sentensi kamili kwa kila aina ya kitu: kipindi kimehamishwa, mwanafunzi amehamishwa, kadi imehamishwa, kadi 3 zimehamishwa. Ni sentensi ishirini hivi kwa programu nzima, kazi ya nusu siku. Pia maneno ya sehemu ya kutua yasikatwe kwa vitone. "Achia hapa kuhamishia Zinafung…" si ishara.

Kwa wanaonunua programu hizi, kabla hamjalipa fungu la mwisho, chukueni simu ya bei ya chini mtoke nayo nje juani. Burutani kadi mpaka kwenye mpaka wa safu mbili mkaishikilie hapo: je, mstari unatetemeka? Iachieni nje ya safu zote: je, inarudi? Iinueni, kisha simu nyingine iwapigie: je, inarudi ilipotoka? Zimeni data, hamisheni kadi, muone kama programu itakiri kwamba haijahifadhi. Hamisheni kadi ileile bila kuburuta. Halafu mmoja wenu aishike kadi, asimame nayo katikati ya safari bila kuiachia, amwonyeshe mtu asiyeijua programu hiyo na kumwuliza: nikiachia sasa hivi, itatua wapi? Akisitasita, mrudishieni fundi kazi yake.

Wasanifu na watengenezaji wa programu za wavuti,
Kampala